Pete za Shaba Shingoni mwa Gogo

Mwezi uliopita kazini waliniambia nikapige picha ya kifua, ili wajue mapafu yangu ni mazima. Nikapanga foleni kliniki tangu asubuhi, na nilipofika mbele nesi akanitupia jicho shingoni tu, wala hakunitazama usoni. "Vua mkufu, dada. Chuma chochote kinaharibu picha." Mkufu wenyewe ni kamba nyembamba ya dhahabu ya uongo. Nikauvua, nikaufumbata, na hapo hapo nikaangua kicheko peke yangu mpaka akaniuliza kama niko sawa. Ningeanzia wapi kumweleza, na nyuma yangu kuna watu arobaini wanaokohoa? Lakini wewe huna foleni. Kaa nikusimulie.

Tulikuwa tunakaa Bellevue, hapa Johannesburg, katika mojawapo ya zile nyumba za zamani zenye baraza pana mbele na dari ya bati lililochorwa maua. Mwenye nyumba alikuwa ameikatakata kwa mbao mpaka chumba kimoja cha kulia kikazaa vyumba vitatu. Sisi tulikaa nyuma, na mama akafanya kona ya chumba kuwa duka lake la kushona. Mpaka leo nikisikia cherehani napata usingizi. Chumba cha katikati alikaa jirani yetu wa Tanga, aliyekaanga maandazi yenye iliki kabla jua halijatoka, na harufu yake ndiyo iliyotuamsha kwenda shule, si mama. Jiko lilikuwa moja, lenye sahani nne za umeme, na moja ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo kila siku kulikuwa na kesi ya nani aliiweka sufuria yake mbele ya nani.

Chumba cha mbele, chenye mlango wa kufungukia barazani, kilikuwa cha Gogo.

Hapa kwetu kila bibi ni Gogo, lakini huyu ndiye niliyemwita hivyo kwa moyo. Alikuwa Mndebele wa Mpumalanga. Alikuja mjini kwa sababu kulikuwa na duka lililochukua shanga zake, na mumewe alibaki kijijini na ng'ombe, maana mji ulimtia kizunguzungu. Siku nzima Gogo alikaa mkekani pale barazani, miguu ameinyoosha, blanketi la mistari mabegani, mikebe ya siagi imejaa shanga za kila rangi mbele yake. Na shingoni, kuanzia mabegani mpaka chini ya kidevu, alivaa pete za shaba. Zilikuwa kumi na tisa. Najua kwa sababu nilizihesabu kila Jumamosi.

Watoto wa mtaa tulikuwa na elimu yetu juu ya zile pete. Tuliamini kwamba shingo ya Gogo haina mfupa, na kwamba zikitolewa tu, kichwa kitaanguka kifuani kama boga lililokatwa kikonyo. Nilikaa na wasiwasi huo wiki nyingi, kisha nikamuuliza mwenyewe kwa Kizulu changu cha shuleni, ambacho Kindebele chake kilikielewa bila shida. Alicheka mpaka shanga zikamwagika. Akanishika mkono akaupitisha nyuma ya shingo yake, nikapapasa mfupa, upo kama wangu. Akanionyesha pia kwamba kila pete ina mwanya mdogo kwa nyuma, pale ilipobanwa. Tangu siku ile nikawa mtu wake.

Kazi yangu ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano, kupanga shanga kwa rangi, na Jumamosi asubuhi kusugua pete. Nilisimama juu ya kreti la soda nyuma yake, nusu ya limau mkononi, majivu kidogo kwenye kisahani. Ukisugua limau na majivu, kisha ukafuta kwa kitambaa laini, shaba inaamka. Harufu yake haikutoka vidoleni mpaka Jumatatu. Kiangazi, jua likizipasha moto, niliingiza kitambaa kibichi kati ya pete na ngozi. Mwezi wa sita, baridi ikiuma, tukaweka cha sufu. Gogo akitembea, zilitoa mlio mdogo sana. Mlio huo ndio uliotuambia anakuja jikoni, na mama husogeza sufuria yake ampishe.

Baba alikuwa mlinzi, mtu wa Likasi kwenye migodi ya shaba ya Kongo, na kwa watu wa kwao shaba si kitu cha kuchezea. Siku ya kwanza kumwona Gogo aliingia ndani ameshika kiuno. "Ile shaba iko ya kwetu," alisema. "Minaijua. Ule wekundu ni wa Katanga." Mama, bila kusimamisha cherehani, akamwambia shaba haina pasipoti.

Siku moja mwalimu wetu wa jiografia alituletea picha za wanawake wa Kayan, watu wa milimani huko mpakani mwa Burma na Thailand, nao wamevaa shaba shingoni. Mmoja anafuma kitambaa, mwingine anachota maji, mwingine anacheka na mwenzake mlangoni. Nikaruka juu ya kiti nikatangaza kwamba hao ni ndugu za Gogo wetu. Darasa likacheka, lakini mwalimu alikuwa mtu mwema, akaniazima ile picha. Gogo aliitazama muda mrefu kweli. Kwanza akaona kosa: wenzake wale hawakuwa na pete mojamoja, ni koili moja ndefu inayozunguka. Kisha akauliza, "Hawa nani anawasugulia?" Nikamwambia sijui. Nikamwambia pia alivyosema mwalimu, kwamba wao huanza kuvaa wangali watoto wadogo. Hapo akaguna. "Kabla ya mume? Sasa wanamvalia nani?"

Ndipo aliponieleza zake. Za kwanza alipewa na mumewe walipooana, nyingine mwaka hata mwaka. Kwao mke huvaa wakati mume yu hai. Mume akifa, zinatoka. "Siku ukiniona sina hizi," alisema, akizigonga kwa ukucha, "ujue mzee wangu hayupo tena." Nami nikaliweka neno hilo kichwani, kama nilivyoweka jedwali la kuzidisha, maana nilikuwa mtoto wa kushika mambo. Shida ilianzia hapo.

Majira ya baridi ya mwaka 2016, nikiwa na miaka kumi, Gogo alishikwa na kikohozi. Tulimpa tangawizi, jirani wa Tanga akamletea habasoda na asali, mama akamwombea. Kikakataa. Kliniki wakasema lazima apigwe picha ya kifua, na shaba itoke. Gogo akafunga blanketi lake akarudi nyumbani. Akaambiwa mara ya pili, akarudi. Mimi nilijua kisa, nikaenda kumwambia mama kwamba Gogo yuko radhi kufa na kikohozi kuliko kuvua pete, maana kuzivua ni kumzika mumewe angali anapumua. Nilikuwa na hofu ya kweli. Kikohozi kile kilikuwa kinamwinamisha mpaka pete zinagongana.

Sasa jambo ambalo mimi sikulijua ni hili. Jumatano moja, nikiwa shuleni, Gogo alimpigia mumewe simu, akamweleza. Na yule mzee akamwambia: Vua. Mimi nipo. Jumamosi nakuja mwenyewe kukuvisha. Ruhusa ilitoka kwake, na kwa Gogo hilo lilitosha. Alhamisi akaenda kliniki na mwanamke mmoja wa lile duka la shanga, wakamfungua pete zote kumi na tisa, akapigwa picha, akapewa dawa, akarudi. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa kwa kukohoa, na nesi akamwonya asiseme hata neno mpaka Jumamosi.

Mimi nikatoka shule, nikakimbilia chumba cha mbele kama kawaida. Gogo alikuwa amelala kaelekea ukutani, blanketi mpaka masikioni. Na miguuni pake kitandani, juu ya kitambaa cheupe, zimepangwa kwa ukubwa, pete zote.

Sikuuliza. Niliondoka kinyumenyume, nikakimbia kwa mama.

"Weye, unalia nini?"

"Pete za Gogo ziko kitandani."

"Zote?"

"Zote, mama."

Cherehani ikanyamaza. "Yesu wangu," mama alisema. "Muzee alikufa."

Ungemjua mama yangu ungejua kilichofuata. Kwetu msiba hausubiri mwaliko. Aliivua tepu ya kupimia shingoni, akajifunga kitenge kiunoni, akashika simu, na kabla chai haijachemka bamama, kina mama wa kwaya ya kanisa letu, walikuwa wanaingia getini na mikeka na masufuria. Viti vya kanisani vikaja juu ya mkokoteni. Baba akafunga turubai uani. Sombe, kisamvu chetu, ikaanza kutwangwa, samaki wa chumvi wakalowekwa, bukari, ule ugali wetu, ikasongwa kwenye sufuria ambayo mimi ningeweza kuogea.

Jirani wa Tanga ndiye pekee aliyesimama mlangoni mikono kiunoni. "Nani kasema kafa?"

"Mutoto aliona kwa macho yake," mama akajibu.

"Kaona pete huyo. Pete si maiti. Haya, maiti yuko wapi? Azikwa lini?"

"Kwetu muntu mwenye kilio hatumuulizaka maneno."

"Jamani, si kumuuliza tu? Mdomo kazi yake nini?"

Lakini hakuna aliyeuliza. Na Gogo naye, alipowaona bamama ishirini wanaingia chumbani mwake, wanakaa chini, wanamshika mikono na kuimba kwa sauti za kwaya zinazopanda na kushuka, alidhani wamekuja kuombea kikohozi chake. Anajua Wakongo, alituambia baadaye, wanaombea hata mafua. Hakuwa na sauti ya kuuliza. Tena alikuwa mnyonge, shingo tupu, anajisikia uchi mbele za watu, na watu wale wakawa wema kwake kupita kiasi. Akalia. Akalia kweli, machozi yanamtiririka. Bamama walipoona hivyo, wakalia maradufu. Jirani wa Tanga akatazama, akashindwa, akaenda kukaanga maandazi ya msiba sinia mbili.

Tukalia Ijumaa nzima. Mimi nililia kuliko wote, kwa sababu nilikuwa najua habari za yule mzee.

Jumamosi, saa nne hivi asubuhi, mzee mmoja mrefu akasimama getini. Kofia ya kijivu, koti la sherehe, mfuko wa maboga begani. Akaona turubai, akaona watu wameinamisha vichwa. Akavua kofia. "Lotjhani," akasalimia kwa sauti ya chini, akapita akimpa kila mtu mkono, akaketi kwenye kiti cha pembeni karibu na baba, heshima tupu. Baba akamkaribisha kwa ishara. Mimi ndiye niliyekuwa nikigawa chai, nikampelekea kikombe cha bati na andazi.

"Nani ametuacha, mntwanami?" aliniuliza, akiniita mwanangu kwa Kindebele.

"Mume wa Gogo wa chumba cha mbele."

Akaishusha chai polepole mpaka magotini. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nikadhani ameguswa.

"Ulimjua?"

"Hapana. Lakini Gogo ameniambia habari zake zote."

"Amekuambia nini?"

Basi nikamweleza, na wewe ujue kwamba sikujua nasema na nani. Nikamwambia kwamba marehemu alikuwa akiwaimbia ng'ombe, na anaimba vibaya, na Gogo anaamini ng'ombe humfuata ili anyamaze. Nikamwambia kwamba mwaka mmoja wa ukame, ng'ombe wanakufa, hakuna hata mahindi, alikuja na pete moja nyembamba na hakusema ameipataje, na Gogo akaiweka juu ya zote, ile iliyo chini ya kidevu, na kwamba hiyo huwa haniruhusu kuisugua, anaisugua mwenyewe. Nikamwambia kwamba Jumapili akipiga simu anazungumza habari za uzio na ng'ombe basi, lakini Gogo husikia kwenye sauti yake kama amekula au hajala. Na kwamba akishakata, Gogo huibana ile simu shingoni, kwenye pete, mpaka ipoe.

Alikuwa ananisikiliza kwa mdomo wazi kidogo, kama mtoto.

"Haya yote amekuambia wewe?"

"Tukiwa tunasugua, Mkhulu," nikasema, nikimwita babu kwa kwao.

Akaweka kikombe chini ya kiti, kando ya mfuko wake wa maboga. Akasimama, akajipangusa koti, akaelekea barazani. Mama akawaambia wenzake, "Pisheni, pisheni, ule ni ndugu yake ya marehemu," na bamama wakafungua njia.

Nikamfuata mpaka mlangoni. Gogo alikuwa katikati ya mikeka, kitambaa shingoni. Akainua macho, na sauti iliyokuwa imepotea siku mbili ikarudi yote kwa mara moja. "Saa hizi ndiyo unafika? Basi gani hilo? Na maboga yangu yako wapi?"

Kwaya ikakatika katikati ya mstari. Mama akanivuta sikio. "Anasema nini? Ule ni nani?"

Nikajibu: "Ni marehemu, mama."

Nitakuambia ukweli, sijawahi kuona chumba kinatoka watu haraka namna ile. Mama mmoja wa sauti ya tatu aliruka ukuta wa baraza na mwiko mkononi, na alikuwa mnene. Baba aliangusha turubai juu ya wazee wenzake. Na juu ya makelele yote hayo, jirani wa Tanga anapiga mapaja: "Nilisema mie! Maiti yuko wapi, nilisema! Wallahi nilisema!"

Mimi nilikwenda kujificha chini ya meza ya cherehani. Nilijua nimekwisha. Nilikuwa nimemwua mume wa mtu, nimemliza kikongwe, na nimetoa nje siri zote za chumba cha mbele kwa mtu ambaye hakupaswa kuzisikia. Viboko sikuviogopa sana. Niliogopa kwamba Gogo hataniita tena, kwamba kreti lile la soda litarudishwa dukani na mimi nitakuwa mtoto wa nyuma tu kama wengine. Nilikaa pale nikinusa mafuta ya mashine, nasikia huko nje kicheko kinaanza kwa mtu mmoja, kinapita kwa mwingine.

Kisha nikasikia sauti ya Gogo, imekwaruza: "Yuko wapi mtu wangu wa limau?"

Nikatoka. Alikuwa amekaa mkekani barazani, mumewe nyuma yake juu ya kreti langu, magoti yamemfika kifuani. Zile pete zilikuwa kwenye kitambaa cheupe. Sikupigwa, sikusemwa. Nilisugua moja, nikampa mzee, naye akaipitisha shingoni mwa mkewe, akaibana kwa vidole vyake vizito vya kazi. Nikasugua nyingine. Bamama walikuwa wamerudi mmoja mmoja, wanachungulia, halafu mmoja akaanza wimbo, si wa msiba safari hii, wa harusi.

Tulipofika ile ya juu, nyembamba, nikamwachia Gogo aisugue mwenyewe. Mzee akaishika muda kabla ya kuivisha. "Miaka yote hii," akasema, "nakupigia simu, unaniuliza habari za uzio. Kumbe maneno yangu unampa mtoto wa watu."

Gogo aliinama, akacheka kidogo, akamwekea shingo.

Chakula hakikupotea. Baba alimwambia mzee, nikitafsiri mimi, kwamba hajawahi kuona mtu akila matanga yake na kuomba aongezewe. Kifua cha Gogo kilikuwa na maradhi ya kawaida tu, dawa zikayamaliza kabla ya Septemba. Na kwa wiki nyingi mtaa mzima ulimwita jirani wa Tanga "daktari wa maiti", naye akalipokea jina hilo kwa fahari.

Desemba ile Gogo akafunga mizigo. Nilidhani anakwenda Krismasi tu. Lakini alilishusha hata pazia la mlango, akanipa mikebe yote ya shanga. Nilimuuliza kama ni kwa sababu ya kosa langu, nikaanza kulia kabla hajajibu. Akanivuta, shaba baridi ikanigusa paji la uso. "Mntwanami, umemwambia mzee mambo ambayo sasa lazima nikayaseme mwenyewe. Na si mambo ya kusemwa kwenye simu." Nilimkasirikia. Niseme kweli, nilimkasirikia mwaka mzima, na nikajikasirikia mimi kwa mdomo wangu. Ilinichukua muda mrefu kufurahi kwa ajili yake.

Mwaka 2019 na sisi tulihamia Bertrams, na jirani wa Tanga akarudi kwao. Juzi nilipita Bellevue. Baraza limejengwa tofali, limekuwa vyumba viwili, na watoto wa pale walinijibu kwa Kiingereza nilipowaamkia. Hakuna tena pa kunyoosha miguu juani. Mama ameacha kushona kwa sababu ya macho, na bamama wa kwaya wametawanyika, wengine Cape Town, wengine Canada.

Gogo hakuniachia namba. Ningeweza kuitafuta, lile duka la shanga bado lipo, wangenipa. Mama huniambia kila mara, piga, uulize kama muzee yuko. Sipigi. Mzee yule nilimzika mara moja bila kuuliza, na bila kuuliza vilevile nimeamua aendelee kuishi, anaimba vibaya nyuma ya ng'ombe wake, na mkewe anamwambia mwenyewe yale aliyokuwa akiniambia mimi.